Jino Limeng'oka Port Reitz? Usilitupe, Una Saa Moja Tu!

Umepigwa kiwiko kwa mechi ya mtaa, ama boda imekuangusha, na jino zima liko kwa lami. Tulia bro, linaweza kurudi. Lakini dakika zinayoyoma: ndani ya nusu saa ni poa zaidi, ikipita saa moja mambo ni magumu.

Liokote. Shika upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi. Usilisugue. Lirudishe kwa shimo lake, kisha uma kitambaa safi. Likikataa, litie kwa maziwa baridi, hata ya pakiti ya dukani. La utoto usilirudishe, litaumiza linaloota chini yake.

Sasa songa. Watu wa Port Reitz, Chaani na Magongo, hospitali ya Port Reitz iko jirani. Daktari wa meno akikosekana, omba rufaa uvuke Makupa hadi Coast General.

Na kama jino linauma tu? Panadol itakusukuma hadi asubuhi, ila usibandike aspirini kwa ufizi, inachoma. Lakini shavu likifura, mwili ukiwa moto, kumeza au kupumua ikiwa noma, usingoje kukuche. Hiyo inaua.

Huna doh? Nenda tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura.