Kibaba cha mkulima: Marekani ilivyopima umaskini wa Kentucky

Aprili 24, 1964, Rais Lyndon Johnson alichuchumaa barazani kwa baba mmoja wa watoto wanane, katika kaunti ya Martin, mashariki mwa jimbo la Kentucky. Migodi ya makaa ya mawe ilikuwa imewapunguza wachimbaji wake, na mashamba ya milimani kule hayana rutuba ya kutajirisha mtu. Januari 8 mwaka huo, Johnson alikuwa ametangaza mbele ya Bunge vita dhidi ya umaskini. Picha za baraza lile zilienea nchi nzima. Lakini Kentucky ilikuwa na maskini wangapi? Jibu lilitegemea kibaba cha mpimaji.

Washauri wa uchumi wa Rais walikuwa na mstari mmoja tu: dola 3,000 kwa mwaka, familia iwe kubwa au ndogo. Mume na mke wenye dola 2,900 walihesabiwa maskini. Jirani yao mwenye dola 3,100 na watoto wanane hakuhesabiwa.

Hesabu iliyochukua nafasi yake ilitoka kwa Mollie Orshansky, mtakwimu wa Idara ya Hifadhi ya Jamii, binti wa wahamiaji kutoka Ukraine aliyekulia Bronx, New York. Alikuwa amefanya kazi Wizara ya Kilimo, na jiko la Mmarekani alilijua kwa namba. Alichukua gharama ya mlo wa bei ya chini kabisa uliopangwa na wizara hiyo, mlo wa kujishikiza kwa muda tu pale mfuko unapokauka. Uchunguzi wa mwaka 1955 ulikuwa umeonyesha kwamba familia za watu watatu au zaidi hutumia takriban theluthi ya kipato chao kwa chakula. Basi akazidisha gharama ile mara tatu. Makala yake ya Januari 1965 ilitoa mistari 124, kufuatana na ukubwa wa familia, watoto waliomo, jinsia ya mkuu wa kaya, na kama kaya inaishi shambani.

Hilo la shamba ndilo lililoigusa Kentucky. Mkulima hanunui kila anachokula: ana mayai yake, maharagwe yake, nguruwe wa kuchinja. Ilikadiriwa kwamba takriban asilimia 40 ya chakula chake hutoka shambani, hivyo mstari wake ukawekwa kwenye asilimia 60 ya ule wa asiyelima. Ila punguzo hilo halikuishia kwenye sahani. Mstari mzima ulijengwa juu ya chakula, kwa hiyo viatu, dawa na mafuta ya taa navyo vilikatwa, kana kwamba huota bustanini.

Punguzo likaliwa kidogo kidogo. Mstari wa mkulima ulipandishwa hadi asilimia 70. Mwaka 1969, kipimo kilipofanywa rasmi kwa serikali yote, ukawa 85. Mwaka 1981 tofauti ikafutwa. Kila ulipopanda, kuna mkulima aliyelala nje ya hesabu akaamka ndani yake, na kuku bandani ni wale wale.

Kisha kuna tabu ya kuwafikia maskini wenyewe. Kentucky ina kaunti 120, nyingi zikiwa na watu chini ya 65,000. Uchunguzi mkubwa wa Ofisi ya Sensa, unaofanyika nchi nzima tangu mwaka 2005, hutoa takwimu za kila mwaka kwa maeneo yanayovuka idadi hiyo tu. Kaunti kama Owsley, yenye watu wapatao 4,000, husubiri majibu ya miaka mitano yachanganywe pamoja. Mgodi ukifungwa leo, pigo lake humezwa na miaka iliyotangulia.

Mwaka 2011 kikaja kipimo cha nyongeza, kinachohesabu misaada ya chakula, kodi na gharama za makazi. Kwa kipimo hicho umaskini wa Kentucky hushuka, kwa kuwa nyumba za milimani ni rahisi, na ule wa California hupanda.

Hata hivyo kipimo rasmi ni kile kile cha Orshansky, kinachopandishwa kila mwaka kufuata bei. Mlo wa kujishikiza kwa muda umedumu ndani yake miaka sitini.