Nyumba ya Wakama wa Karagwe katika Bweranyange

Mwanafunzi mmoja wa shule yetu hapa Kanoni alitazama picha ya nyumba ya kale ya mabwana wa Kiingereza, iitwayo Ightham Mote katika Kent, ambayo ilianza kujengwa katika karne ya 14 nayo yasimama hata leo. Akauliza, "Mwalimu, mbona sisi hatuna nyumba ya zamani?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana neno hilo nimelisikia hata vinywani mwa walimu. Jawabu lake liko Bweranyange, katika nchi hii hii ya Karagwe.

Bweranyange ulikuwa mji wa Wakama wa ukoo wa Wahinda. Speke na Grant walifika huko Novemba 1861, wakapokewa kwa wema na Mkama Rumanyika, mwana wa Ndagara. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda, bali Grant alikawia mpaka Aprili kwa ajili ya ugonjwa wa mguu. Ziwa lililo chini ya mlima walilipa jina la Windermere Ndogo, kwa kukumbuka ziwa la kwao, kana kwamba wenyeji hawakuwa na jina la kuliita! Stanley naye alifika mwaka 1876, akamkuta Rumanyika yu hai bado.

Nyumba ya nchi hii ni msonge. Fito hukitwa ardhini kwa duara, zikainamishwa na kukutana juu, kisha hufungwa kwa pete nyingi za fito nyembamba, pete juu ya pete. Nyasi huezekwa toka kileleni mpaka chini, hata mtu hawezi kusema ukuta waishia wapi na paa laanzia wapi. Ndani mna nguzo za kuutegemeza uzito huo, na viambaza vya matete vya kugawa vyumba. Moto huwaka katikati, na moshi wake, unaowatoa machozi wageni, ndio unaozilinda nyasi na wadudu. Nyumba ya Mkama na ya raia zilikuwa za ufundi mmoja. Tofauti ilikuwa katika ukubwa, katika ua uliozizunguka nyumba nyingi za Mkama, na katika vitu vilivyowekwa ndani.

Hapo ndipo penye utajiri wa habari. Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina, akaona sanamu za bata za shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki iliyofuliwa kwa ustadi, na bunduki aliyoiacha Speke. Walikuwako pia ng'ombe wa chuma. Mapokeo yamhesabu Ndagara kuwa mhunzi, na nyundo ya chuma ilikuwa alama ya enzi. Si Karagwe tu: huko Rwanda, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofunuliwa mwaka 1969, kichwa chake kilionekana kimelazwa juu ya nyundo mbili za chuma.

Nyasi huoza, hilo ni kweli. Walakini tusidhani kwamba jiwe halina matengenezo. Ile nyumba ya Kent yenyewe, kati ya 1989 na 2004, sehemu zake nyingi zilivunjwa kipande kwa kipande, zikatengenezwa na kurudishwa mahali pake. Waingereza hawakusema kwamba sasa ni nyumba mpya. Basi msonge ulioezekwa upya mara nyingi mahali pale pale, kwa vifungo vile vile, kwa nini usihesabiwe kuwa wa kale?

Kilichouvunja mji si nyasi. Baada ya Rumanyika kufa, ndugu waligombea kiti na damu ikamwagika. Sotoka ya miaka ya 1890 ikamaliza ng'ombe. Wajerumani, walioanzisha kituo chao Bukoba mwaka 1890, wakawa juu ya Wakama. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu.

Yule mwanafunzi nilimtuma kwa babu yake. Akarudi na jina la nyasi zilizochaguliwa kwa kuezekea, na jina la gome lililotolewa kamba. Kuhusu pete ya kwanza ya kileleni, jinsi ilivyofungwa, babu alimwambia kwamba aliyeijua alikuwa kaka yake, naye amekwisha kufa.