Skrini shirikishi ya umma

Skrini shirikishi ya umma ni skrini kubwa iliyowekwa mahali penye watu wengi, kama vile kituo cha treni, makumbusho au dirisha la duka, ambayo mpita njia huiendesha kwa kuigusa au kwa kupunga mkono mbele yake.

Mfano uliochunguzwa kwa makini ni CityWall, iliyowekwa katikati ya Helsinki, Ufini, mwaka 2007. Katika siku 8, watafiti walihesabu watu 1,199 walioitumia. Ilionyesha picha za jiji, na watu kadhaa waliweza kuigusa kwa pamoja. Hapo ndipo uhondo ulipo: mmoja akivuta picha kuikuza, inafunika ya jirani yake; huyu anacheka, yule anaomba radhi, na wasiojuana wanajikuta wanacheza pamoja. Mwenye haya husimama pembeni kwanza, akitazama waliotangulia wanavyofanya. Watu huvuta watu.

Skrini za ishara, yaani zile za kupungiwa mkono, zilipata nguvu baada ya Microsoft kutoa Kinect mwaka 2010, kifaa chenye kamera kinachofuatilia viungo vya mwili. Tatizo la skrini hizi ni kwamba hazijitangazi: mtu hudhani ni tangazo tu, akapita. Dawa mojawapo ni kumwonyesha kivuli chake kikimfuata kwenye skrini, ingawa mara nyingi hushtuka akiwa ameshapita, kisha akarudi hatua mbili tatu. Tena, mkono ulioinuliwa huchoka upesi. Kwa kusoma ramani au kukata tiketi, kugusa bado kunashinda.