Simba wa Sardi

Wasomaji wa Biblia watalikumbuka jina la Sardi, mji mmojawapo wa ile miji saba ya Asia iliyoandikiwa barua katika kitabu cha Ufunuo. Karne nyingi kabla ya barua hiyo, Sardi ulikuwa makao ya wafalme wa Lydia, nchi ambayo leo ni sehemu ya magharibi ya Uturuki. Mji ulikaa chini ya mlima Tmolus, na kando yake ulipita mto mdogo ulioitwa Pactolus. Mto huo haukuwa na kina cha kutisha wala upana wa kustaajabisha. Sifa yake ilikuwa mchanga wake, maana maji yaliyomomonyoa mlima yaliteremka na chembe za madini ya manjano.

Madini hayo hayakuwa dhahabu tupu. Aghalabu dhahabu hutoka ardhini ikiwa imechanganyika na fedha tangu asili, pasipo mkono wa mtu. Fedha ikifika yapata sehemu moja katika tano, rangi yake hupauka, nayo huitwa elektramu. Jina hilo latokana na neno la Wayunani lililokuwa pia jina la kaharabu, kwa kuwa vitu viwili hivi vilifanana rangi. Wamisri waliijua zamani. Malkia Hatshepsut, aliyetawala katika karne ya 15 K.K., alizipamba kwa elektramu nguzo zake ndefu za mawe huko Karnak, zipate kung'aa juani. Katika pambo la hekalu, nani angeuliza fedha ni kiasi gani na dhahabu ni kiasi gani?

Sokoni mambo yalikuwa mengine. Mtu auzaye ng'ombe wake hupewa vipande viwili vyenye uzito mmoja. Kimoja kina dhahabu nyingi, cha pili kina fedha nyingi. Mizani haimwambii tofauti, na jicho humdanganya. Nayo tofauti ilikuwa kubwa, kwani dhahabu ilikuwa na thamani ya yapata mara 13 ya fedha.

Basi yapata mwaka 630 K.K. zilianza kugongwa huko Lydia sarafu za elektramu zenye uzito uliokadiriwa, zikapigwa chapa ya kichwa cha simba. Kipimo kizima kilikuwa gramu 14 hivi, kikagawanywa mara nyingi hata ikapatikana sarafu ndogo kama punje ya mtama. Waingereza waliochimba magofu ya hekalu la Artemi huko Efeso katika miaka ya 1904 na 1905 waliziokota sarafu za elektramu zaidi ya 90.

Wataalamu walipozipima sarafu za simba waliona jambo la ajabu. Dhahabu ya Pactolus kwa asili ilikuwa robo tatu au zaidi dhahabu, lakini sarafu zilikuwa na dhahabu iliyozidi nusu kidogo tu. Fedha ilitiwa kwa makusudi, na shaba kidogo juu yake, ambayo huirudishia rangi wekundu wake. Je, wafalme waliwaibia raia? Wako wanaosema hivyo. Mimi naona iko sababu nyingine pia: madini ya mtoni hayalingani, na mtu atakaye sarafu zilizo sawa hana budi kuyachanganya kwa kipimo chake mwenyewe. Hata hivyo aliyepokea sarafu hakuwa na njia nyepesi ya kujua kipimo hicho. Aliamini simba.

Mfalme Croesus, aliyeshika utawala yapata mwaka 561 K.K., ndiye anayehesabiwa kuwa aliiacha elektramu na kugonga sarafu za dhahabu safi na za fedha safi. Kuzitenga si kazi rahisi. Ukiyeyusha mchanganyiko, dhahabu na fedha hukaa pamoja kama maziwa na maji. Siri yake ilifunuliwa mwaka 1968, wakati wachimbaji kutoka vyuo vikuu vya Harvard na Cornell vya Marekani walipokuta karakana ya kale kando ya Pactolus, pamoja na matanuri yake, vigae vya vyungu na vipande vyembamba vya dhahabu.

Mafundi walifua madini yakawa mabati membamba, wakayapanga chunguni pamoja na chumvi, wakafunika, kisha wakachochea moto kwa saa nyingi. Walijihadhari moto usiwe mkali hata kuyeyusha dhahabu. Mvuke wa chumvi uliila fedha pole pole, na fedha ikanywewa na udongo wa chungu, dhahabu haikuguswa. Wala fedha haikupotea, kwani udongo uliyeyushwa pamoja na risasi, na fedha ikakusanywa. Chumvi ya jikoni ndiyo iliyofanya kazi ambayo moto peke yake ulishindwa kuifanya.

Sarafu mpya zilikuwa na simba na fahali wakitazamana. Sasa mizani ilitosha, kwa kuwa ndani hamkuwa na kitu cha kukisia. Croesus mwenyewe hakuzifaidi sana: yapata mwaka 546 K.K. Koreshi wa Uajemi aliuteka Sardi. Lakini mshindi hakuzivunja kalibu. Simba na fahali waliendelea kugongwa katika mji ule ule kwa miaka kadhaa, bwana wao akiwa mgeni, mpaka Mfalme Dario alipotoa sarafu zake, zenye sura ya mfalme ashikaye upinde.