Saa za Safari Katika Nchi ya Rufiji

Hesabu ya reli ni nyepesi kusoma. Treni huondoka saa fulani na kufika saa fulani, na baina ya saa hizo mbili ndipo hupimwa thamani ya njia. Treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi iliporudi Desemba 2019, na ile ya Arusha Oktoba 2020, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, kila msafiri alikuwa na haki ya kuuliza: safari itachukua saa ngapi? Kibiti na delta ya Rufiji hazina treni ya abiria, walakini swali hilo ni la kale huko kuliko reli zote za nchi hii. Aliyelijibu siku zote ni mto.

Na tuanze penye maji. Rufiji, mto mkubwa kuliko yote ya Tanzania, hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia, na baina ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000. Humo zilikatwa boriti zilizopakiwa majahazini na kupelekwa Arabuni kwa pepo za msimu. Mtu wa Salale au Mbwera hasafiri saa aitakayo, husafiri saa iliyoruhusiwa na maji. Yakijaa, mkondo ni njia kuu. Yakipwa, mkondo ule ule huwa tope, na chombo hulala ubavu mpaka maji yarudi. Hata wenye nguvu waliipata amri hiyo. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa na mbio kubwa baharini, ilijificha deltani mwaka 1914 baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja. Huko mbio zake hazikuifaa kitu. Ilizingirwa kwa miezi, hata ikaangamia tarehe 11 Julai 1915.

Juu ya delta, katika bonde, maji yalikuwa saa ya mkulima pia. Warufiji walilima mpunga kwa mafuriko, na maji yalipopungua walilima mlau katika udongo uliobaki na unyevu. Nyumba na shamba vilikuwa pamoja, kwa hiyo safari ya kazini ilikuwa ya hatua chache. Mafuriko ya mwaka 1968 yaliivunja hali hiyo. Serikali ilianzisha Operesheni Rufiji, na watu wakahamishiwa vijiji vya nchi ya juu, Ikwiriri kikiwa kimojawapo, karibu na barabara, shule na zahanati. Lilikuwa jambo la kheri kwa usalama wa roho. Walakini shamba lilibaki bondeni. Aliyekuwa akiamka shambani sasa alipaswa kulisafiria, na wengi walihamia kwa miezi katika madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, ili kuwalinda mpunga na nguruwe na ndege wasiule. Hivi ndivyo watu walivyosogezwa karibu na njia moja na kuwekwa mbali na nyingine. Saa hazikupotea, zilihama tu kutoka bega moja kwenda jingine.

Barabara nayo ilikuwa na kizuizi chake. Mtu aliyetoka Dar es Salaam kwenda kusini alipita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, kisha akafika Ndundu, mahali pa pantoni. Hapo mwendo wote ulisimama. Niliyaona hayo nikiwa mtoto: malori kwa foleni, abiria wameketi kivulini mwa magari, wanawake wakiuza samaki na maembe, na hakuna aliyethubutu kusema tutavuka saa ngapi. Mvua zilipokuwa nyingi, swali halikuwa la saa tena bali la siku. Kusini hakukuwa na njia nyingine nyepesi. Reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwaka 1962 na haikufunguliwa tena.

Mwaka 2003 ulifunguliwa mlango wa mto: daraja la mita 970, lililopewa jina la Rais Benjamin Mkapa, naye ni mzaliwa wa Masasi huko huko kusini. Yafaa tulitazame kwa makini jambo lililofanywa na daraja hili. Halikuongeza mbio za gari hata moja, liliondoa kungoja. Na kungoja ndiko kulikokuwa sehemu kubwa ya safari. Hata hivyo, ng'ambo ya daraja palikuwa na kipande cha kilomita zipatazo 60, toka Ndundu mpaka Somanga, ambacho kilikaa bila lami miaka mingi baadaye, na masika yaliendelea kuyanasa magari. Njia ni kama mnyororo, nguvu yake ni nguvu ya pete iliyo dhaifu. Kipande hicho kilipokwisha kutiwa lami, ndipo mtu wa Mtwara alipoweza kuondoka alfajiri na kulala Dar es Salaam usiku ule ule.

Basi maisha yakajipanga upya kwa kufuata saa mpya. Samaki wa pwani ya kusini walipata soko la mjini wakiwa wabichi. Mgonjwa aliyeandikiwa kwenda Muhimbili alihesabu saa, hakuhesabu siku. Mfanyabiashara wa Kibiti aliweza kwenda Mbagala asubuhi kununua bidhaa na kurudi jioni. Hakuna aliyeweka tena akiba ya chakula cha njiani, wala bidhaa za mwezi mzima dukani, kwa kuwa njia ilikuwa wazi daima. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu hiyo ilikuwa inakuja.

Aprili 2024 mto ulifurika, ukafunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani karibu na Mafia, na mvua zake zikaikata barabara upande wa Somanga. Daraja kubwa lilisimama imara, lakini liliishia kwenye njia isiyopitika. Safari isiyofika kilomita 600 baina ya Mtwara na Dar es Salaam ikageuka kuwa mzunguko wa zaidi ya kilomita 1,500, kupitia Songea, Njombe na Iringa. Baada ya siku kadhaa za kazi ya mchana na usiku barabara ilifunguliwa, na saa zikarudi zilipokuwa. Mwaka uliofuata mvua ziliikata tena kule kule Somanga.

Kuna tofauti kubwa baina ya msafiri wa pantoni na msafiri wa 2024. Yule wa kwanza alijua kuwa atangoja, akajiandaa kungoja. Wa pili alifundishwa na njia yenyewe kwamba hatangoja, akauza subira yake kwa bei ya haraka. Kwa hiyo kukatika kwa siku chache kuliweza kumwumiza kuliko majuma ya zamani yalivyomwumiza babu yake. Saa ambazo njia humpunguzia mtu si zawadi, ni amana, na mwenye kuzitoa hana budi kuzilinda: kwa makalvati mapana, kwa tuta lililoinuliwa, na kwa njia ya pili iliyo tayari kabla ya ile ya kwanza kukatika.

Nao watu wa delta? Daraja halikuwapunguzia safari yao ya mtoni hata saa moja. Mama mjamzito wa visiwani bado hungoja maji yajae ndipo aifikie barabara ambayo wengine huisifu kwa wepesi wake. Siku tutakapoandika historia ya saa za safari katika nchi ya Rufiji, na tuianze kwa huyo aliye wa mwisho kufika.