Picha za Milima ya Great Smoky na Lugha ya Wenyeji Wake

Kila mwaka baridi inapokwisha, milima ya Great Smoky, iliyo mpakani mwa majimbo ya North Carolina na Tennessee huko Marekani, huvaa tena rangi ya kijani. Majani huchipua kwanza mabondeni, kisha ukijani hupanda polepole hata vileleni. Ndipo wapiga picha wafikapo kwa wingi, wakitafuta mambo matatu: vilima vyenye ukungu, mabanda ya kale ya magogo, na njia nyembamba zipandazo mlimani. Picha hizo hupendeza sana. Lakini historia yake haionekani ndani yake.

Miongoni mwa waliotangulia katika kazi hiyo, asifiwaye zaidi ni George Masa, mzaliwa wa Japani, aliyefika katika mji wa Asheville mwaka 1915. Alichukua kamera yake nzito mpaka vileleni, na njia alizopita alizipima kwa gurudumu la baisikeli lenye chombo cha kuhesabia mwendo. Yeye na rafiki yake, mwandishi Horace Kephart, walishikilia kwamba misitu ile ihifadhiwe kabla haijamalizwa na makampuni ya mbao. Na picha za Masa ziliwathibitishia hoja hiyo watu wasiopata kufika huko. Kephart alikufa mwaka 1931, na Masa mwaka 1933, akiwa maskini. Hifadhi ya taifa ikaundwa mwaka 1934. Mwaka 1961 kilele kimoja, jirani na mlima uitwao Kephart, kilipewa jina la Masa.

Hata hivyo, nchi hiyo haikuwa pori tupu. Wacherokee walio wengi walifukuzwa kwa nguvu mwaka 1838. Na hifadhi ilipoundwa, wenye ardhi zaidi ya 1,000 walitakiwa kuuza mashamba yao, wengine kwa hiari, wengine kwa hukumu ya mahakama. Katika bonde la Cades Cove, nyumba za mtindo mpya zilibomolewa na zile za magogo zikaachwa, hata bonde likaonekana la kale kuliko lilivyokuwa. Banda mashuhuri la shamba la Tipton, ambalo sehemu yake ya juu ni pana kuliko ya chini, ni nakala iliyojengwa mwaka 1968. Mpiga picha hulidhania kuwa shahidi wa wakulima, kumbe lilijengwa baada ya wengi wao kuhama.

Shahidi aliye thabiti zaidi hupatikana katika lugha. Mwaka 1937 Joseph Hall, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alitumwa na idara ya hifadhi kuandika usemi wa wenyeji, na mwaka 1939 akaanza kunasa sauti zao katika sahani za santuri. Utafiti wake juu ya matamshi yao ulichapishwa mwaka 1942. Na kamusi ya usemi huo, aliyoikamilisha Michael Montgomery, ilitoka mwaka 2004.

Faida ya kazi hiyo yadhihirika katika jina la bonde lenyewe. Kwa Waingereza wengi, neno cove ni ghuba ndogo ya bahari. Kwa watu wa milima hiyo, ni bonde lililozungukwa na vilima, mahali pafaapo kulima na kujenga. Neno hilo lilitoka vinywani mwa watu waliokaa hapo, nalo lingali limeandikwa chini ya picha ambazo ndani yake hamna mtu.