Waneandertali wa Asia na Wavuvi wa Semliki

Waneandertali, jamii ya binadamu wa kale iliyotoweka yapata miaka 40,000 iliyopita, hawakuacha mfupa wowote uliopatikana Kivu, kwa kuwa mabaki yao yote yamefukuliwa Ulaya na Asia. Hata hivyo habari zao zinamhusu msomaji wa Bukavu, kwani wao na watu wa leo wana mababu wa pamoja, ambao tawi lao moja lilibaki Afrika na jingine likaenea kaskazini zaidi ya miaka 400,000 iliyopita.

Huko Asia walikaa katika pango la Shanidar, Iraki, na Teshik-Tash, Uzbekistani, ambako mwaka 1938 yalipatikana mabaki ya mtoto, kisha wakafika hadi milima ya Altai, Siberia. Wa Altai hawakufika kwa safari moja. Jeni, yaani vinasaba ambavyo mzazi humrithisha mwanawe na ambavyo huweza kudumu ndani ya mfupa, zinaonyesha kwamba wakazi wa pango la Chagyrskaya walikuwa na undugu wa karibu zaidi na Waneandertali wa Ulaya kuliko na waliowatangulia katika pango la Denisova, lililo umbali wa kilomita kama 100 tu. Jeni za Waneandertali zimefika hata Afrika: utafiti wa mwaka 2020 ulizikuta, kwa kiasi cha asilimia 0.3 hivi, kwa watu wa bara hili, wakiwemo Waluhya wa Webuye, Kenya.

Nao waliobaki Afrika hawakukaa bure. Katanda, kando ya mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, watafiti Alison Brooks na John Yellen walifukua vyusa vya mfupa vyenye meno, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa, na mwaka 1995 wakatangaza kwamba umri wake ni miaka 90,000 hivi, enzi ambayo Waneandertali walikuwa bado wanaishi Asia. Wapo wataalamu waliosita, kwa sababu vyusa vinavyofanana navyo vya Ishango, alikochimba Jean de Heinzelin mwaka 1950, ni vya miaka kama 20,000 tu. Lakini umri wa Katanda ulipimwa kwa njia zaidi ya moja, na shaka hiyo haitoshi kuwanyima wavuvi wa Semliki nafasi yao katika historia ya ufundi wa binadamu.